Kugeuza mchoro wa karatasi au PDF kuwa faili la CAD linaloharirika: mwongozo kwa anayeanza

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nina mchoro kwenye PDF, nibonyeze wapi uwe DWG?" DWG ni aina ya faili la programu za CAD, yaani za kuchorea michoro ya kiufundi kwa kompyuta. Anayeuliza anategemea nimtajie programu moja tu, amalizane na kazi jioni hiyohiyo. Kitufe cha aina hiyo kipo, tena viko vingi, na vyote vitakupa mistari. Lakini mistari peke yake si mchoro. Kilichobeba mchoro wa kiufundi ni namba zilizoandikwa juu yake, na mistari inazifuata namba hizo. Karatasi huvutika, skana hupinda, mchoraji wa zamani naye alikosea hapa na pale. Namba ndizo alizozikusudia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuchora mstari na duara ndani ya programu ya CAD, ila hajawahi kuchukua karatasi ya zamani au PDF na kuirudisha iwe faili analoweza kulihariri. Amri nilizotaja ni za AutoCAD kwa kuwa ndizo zinazojulikana zaidi. Palipo na njia ya bure nimeitaja pia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza kabisa, ulizia kama faili la awali bado lipo. Muulize mwenye mchoro, aliyeuchora, aliyeuchapisha. Watu wengi huchora upya kwa siku tatu kitu ambacho faili lake limelala kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Likikosekana, omba PDF iliyotolewa moja kwa moja kutoka kwenye programu ya CAD badala ya iliyoskaniwa. Uombe pia ruhusa ya kuunakili, maana mchoro una mwenyewe.

Halafu andaa hivi:

- Programu ya CAD. AutoCAD ina amri ya PDFIMPORT kuanzia toleo la 2017. Kwa bure kuna LibreCAD na toleo la bure la QCAD, ambazo hufanya kazi vizuri zaidi na faili la DXF, aina nyingine ya faili la michoro inayosomwa na programu nyingi. Ukipewa DWG nawe unatumia hizo, ODA File Converter italigeuza kuwa DXF bila malipo.
- GIMP kwa kusafisha picha, na Inkscape kwa kufungua PDF za vekta (zenye mistari halisi, tazama hatua ya 1).
- Kikokotoo.
- Nakala ya mchoro iliyochapishwa kwenye karatasi, unayoruhusiwa kuichafua, pamoja na kalamu nyekundu. Usiipuuze. Utaihitaji kuanzia hatua ya 2 mpaka mwisho.

Hatua kwa hatua

1. Tambua PDF yako ni ya aina gani.

Ifungue, kisha kuza hadi asilimia 1600 au zaidi mahali mistari miwili inapokutana. Mistari ikibaki mikali na kingo safi, hiyo ni vekta: ndani ya faili kuna mistari halisi inayoweza kutolewa. Ukiona vijisanduku vya kijivu vilivyopangana kama ngazi, hiyo ni rasta, yaani picha tu.

Usijiridhishe kwa kuona kwamba maandishi yanachagulika kwa kipanya. Mashine nyingi za kuskani hutandika maandishi yasiyoonekana juu ya picha ili yaweze kutafutwa, na mistari iliyo chini yake ikabaki picha vilevile. Angalia pia kila ukurasa. Nimeshakutana na PDF moja ambayo ukurasa wa 1 ni vekta na wa 2 ni skani ya karatasi iliyokunjwa.

Vekta: fanya hatua ya 2, ruka ya 3, uende ya 4. Rasta: fanya ya 2 na ya 3, uruke ya 4.

2. Soma mchoro wote kabla ya kugusa kompyuta.

Hapa ndipo anayeanza huona anapoteza muda, na hapa ndipo kazi inapoharibika au kupona. Chukua nakala yako ya karatasi na kalamu nyekundu.

Anza na kisanduku cha maelezo, mara nyingi kipo kona ya chini kulia. Vipimo ni vya milimita, sentimita, au futi na inchi? Skeli ni ipi? Je, karatasi uliyo nayo ina ukubwa uleule wa asili? Mchoro wa 1:100 uliotengenezwa kwa A1 ukichapishwa kwenye A3 umekuwa 1:200, ingawa kisanduku bado kinasema 1:100. Michoro ya futi na inchi ina mtego wake: robo inchi kwa futi moja ni 1:48. Ukiichukulia kuwa 1:50, ukuta wa mita 10 utautoa ukiwa na milimita 417 za ziada.

Kisha jumlisha minyororo ya vipimo. Chukua vipimo vidogo vilivyopangana kwenye mstari mmoja, vijumlishe, linganisha na kipimo cha jumla. Tuseme una 2400, 3600 na 1800. Hiyo ni 7800. Mchoro ukisema 7850, basi kuna namba ya uongo mahali fulani. Izungushie nyekundu, muulize mwenye mchoro. Usiamue mwenyewe ni ipi, hata kama unaona jibu liko wazi, kwa sababu huenda mlango ulisogezwa baadaye na aliyerekebisha akasahau namba moja.

Kwa sehemu za mashine, tafuta alama ya koni iliyokatwa kichwa karibu na kisanduku cha maelezo. Ndiyo inayokuambia mionekano imepangwa kwa pembe ya kwanza au ya tatu. Katika pembe ya kwanza, mwonekano wa juu huwekwa chini ya ule wa mbele. Katika pembe ya tatu huwekwa juu yake. Mionekano ya pembeni nayo hubadilishana mahali. Niliwahi kuchora upya kibao cha chuma chenye matundu na mfereji upande mmoja, nikidhani ni pembe ya kwanza kumbe ilikuwa ya tatu. Kila kipimo kilikuwa sahihi, lakini kibao kikatoka kimegeuka kama kinavyoonekana kwenye kioo. Nilipogundua, chuma kilikuwa kimeshakatwa. Tangu siku hiyo sianzi bila kuitafuta koni hiyo, na isipokuwepo nauliza.

3. Pata picha safi (kwa mchoro wa rasta).

Skani kwa nukta 300 kwa inchi. Mistari ikiwa myembamba sana au maandishi madogo, 400. Zaidi ya hapo faili linakuwa zito na hupati cha maana. Karatasi ya A1 kwa nukta 300 tayari ni pikseli 7016 kwa 9933.

Hifadhi kama TIFF au PNG. Epuka JPEG, kwa sababu huacha ukungu kuzunguka kila mstari. Skani kwa rangi ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu. Mashine ikiamua yenyewe kipi ni cheusi, mistari hafifu ya penseli hupotea moja kwa moja. Uamuzi huo ufanye wewe ndani ya GIMP, kwa kurekebisha kiwango cha weusi taratibu huku ukitazama sehemu iliyofifia kuliko zote. Zima chochote kwenye skana kinachotoshelezesha picha kwenye ukurasa.

Baada ya hapo nyoosha picha. Tumia mstari mrefu wa fremu ya mchoro kama rula. Mwinamo wa nusu digrii hauonekani kwa macho, lakini kwenye mstari wa milimita 800 ni milimita 7 za karatasi, na kwa skeli ya 1:100 hizo ni milimita 700 za jengo.

Picha ya simu? Kama hakuna skana, ndiyo, ila iwe njia ya mwisho. Ibandike karatasi ukutani iwe bapa, simama mbali kidogo na ukuze badala ya kuisogelea, elekeza lenzi katikati ya karatasi moja kwa moja. Ukiwa karibu, mistari ya pembeni hupinda kwa nje. Kisha tumia zana ya kurekebisha mtazamo ndani ya GIMP mpaka pembe nne za fremu ziwe za digrii 90. Picha ya namna hiyo ichukulie kama kumbukumbu ya umbo tu, vipimo vyote vitoke kwenye namba.

4. Ingiza mistari (kwa PDF ya vekta).

Kwenye AutoCAD andika PDFIMPORT, chagua faili na ukurasa. Dirisha litakuuliza mambo kadhaa. Washa chaguo la kuunganisha vipande vya mistari na matao, na lile la kukisia aina ya mstari kutokana na vipande vilivyo kwenye mstari mmoja. Usipoliwasha la pili, kila mstari uliokatika-katika utaingia kama mamia ya vijistari visivyohusiana. Kama PDF ina leya zake (matabaka yanayotenganisha aina za mistari), zitumie.

Kwenye njia ya bure, fungua PDF ndani ya Inkscape, futa nembo na vivuli, kisha hifadhi kama DXF na uchague mistari itoke kama polilaini, yaani vipande vilivyoungana kuwa kitu kimoja. Faili hilo lifungue ndani ya LibreCAD au QCAD.

Usishangilie mapema. Kagua vitu vitatu: pima pembe ya ukuta mmoja ulionyooka (utakuta 89.97 badala ya 90, kwa sababu PDF hukata desimali), bofya duara moja uone kama ni duara kweli au polilaini yenye vipande 40, na bofya neno moja uone kama ni maandishi au vijistari. Maandishi yaliyotumia fonti za SHX (fonti za AutoCAD zinazochorwa kwa vijistari) huingia kama vijistari. AutoCAD ina amri ya PDFSHXTEXT inayojaribu kuyarudisha.

Mistari inayokubaliana na namba iache. Isiyokubaliana ichore upya kwa hatua ya 7. Mimi huweka kila kilichoingia kwenye leya moja ya kijivu, kisha nahamisha kimoja kimoja kwenda leya sahihi nikishakihakiki. Kilichobaki kijivu mwishoni ndicho ambacho sijakigusa.

5. Andaa faili jipya.

Weka kipimo cha faili kiwe milimita, au chochote ulichokisoma kwenye hatua ya 2. Kwenye AutoCAD ni UNITS, na thamani ya INSUNITS kwa milimita ni 4, kwa inchi ni 1. Chora kila kitu kwa ukubwa wake halisi: ukuta wa milimita 3600 uwe na urefu wa 3600. Skeli inahusu kuchapisha tu.

Tengeneza leya chache: mistari ya kati, kuta au mzingo, milango na matundu, mistari iliyofichika, maandishi, vipimo, picha ya chini. Usichore kitu kwenye Defpoints, maana leya hiyo haichapishwi.

Ongeza leya moja zaidi, ya rangi inayopiga kelele, uiite HAIJATHIBITISHWA. Kila kitu utakachokipata kwa kupima picha, kwa sababu hakikuandikiwa namba, kitaingia humo. Wengi hawana leya hii, na ndiyo maana mafaili yao hayaaminiki: kilichotoka kwenye namba na kilichokisiwa vinaonekana sawa kwenye skrini.

6. Weka picha chini na uipe ukubwa wake.

Kama mchoro wako uliingia kama vekta, mistari ya leya ya kijivu ichukue mahali pa picha katika hatua hii. Wenye picha waingize kwa IMAGEATTACH, kwenye leya yake. Ifanye ififie kiasi cha asilimia 50 hadi 70 ili mistari mipya ionekane juu yake.

Kwa skeli, andika SCALE, chagua picha, chagua Reference, bofya mwanzo na mwisho wa kipimo kinachojulikana, kisha andika namba iliyoandikwa kwenye mchoro. Programu itajipigia hesabu yenyewe. Chagua kipimo kirefu kuliko vyote. Anayeanza huchukua mlango kwa sababu unaonekana wazi na namba yake ni rahisi, kama 900. Kwa nukta 300 na skeli ya 1:100, ukikosea pikseli 2 tu kwenye mlango wa milimita 900 umekosea milimita 17, na kosa hilo likienezwa kwenye jengo la mita 40 linakuwa zaidi ya milimita 700.

Sasa pima upande wa pili. Kama ulitumia kipimo cha mlalo, pima cha wima. Karatasi haivutiki sawasawa pande zote mbili, na nakala za fotokopi ni mbaya zaidi. Ukikuta 8541 mahali palipoandikwa 8600, picha inahitaji kurefushwa kwa wima peke yake: gawanya 8600 kwa 8541 upate 1.0069, rudi GIMP, fungua mnyororo unaofunga upana na urefu, zidisha urefu kwa namba hiyo. Kisha iingize picha upya. Ukimaliza, funga leya ya picha isisogezwe kwa bahati mbaya.

7. Chora upya kwa kufuata namba.

Picha ikuonyeshe kitu kiko wapi na kinafananaje. Urefu wake uandike kwa kibodi. Fikiria mstari wenye unene wa milimita 0.5 kwenye karatasi ya 1:100. Unene wake peke yake ni milimita 50 za jengo. Ukibofya ukingo wa kushoto wa mstari huo badala ya wa kulia, umeshahama kwa kipimo hicho, hata uwe na mkono mtulivu namna gani.

Anza na mistari ya kati au gridi, kwa sababu ndiyo mifupa. Fuata mzingo wa nje, halafu kuta au sehemu kubwa, halafu matundu, mwisho mapambo. Washa F8 ili mistari inyooke, na F3 ili ncha zikamatane. Kwa mistari sambamba tumia OFFSET na namba iliyoandikwa. Kwa kona za mviringo usifuate picha kwa macho: soma nusu kipenyo kilichoandikwa, tumia FILLET. Kitu kinachojirudia, kama mlango, bolti au nguzo, kichore mara moja ukifanye bloku, yaani kitu kimoja kinachorudiwa mahali pengi. Siku mwenye mchoro akibadili mawazo juu ya milango 38, utabadili mmoja.

Kila namba ukiitumia, itie alama nyekundu kwenye nakala ya karatasi. Namba isiyo na alama mwishoni ni kitu ulichokiruka.

Kisipo na namba, pima picha, chora, weka kwenye HAIJATHIBITISHWA. Kama kinaweza kupimwa kwenye jengo au kwenye kifaa chenyewe, kapime huko.

Hapa ndipo niseme kuhusu programu zinazogeuza picha kuwa mistari zenyewe. Nyingi hufuata ukingo wa weusi, kwa hiyo mstari mmoja unatoka kama miwili, kushoto na kulia, na namba zinageuka vikorokoro. Inkscape kuanzia toleo la 1.0 ina chaguo la kufuata katikati ya mstari, na Scan2CAD imetengenezwa kwa kazi hii hasa. Zote ni bora kuliko kufuata ukingo. Nazitumia bila wasiwasi kwa mistari ya mwinuko ya ramani, nakshi na nembo, yaani maumbo huru yasiyo na kipimo. Kwa ukuta au gia, muda utakaotumia kusafisha unazidi ule wa kuchora upya, na bado hutajua ni mstari gani uliohakikiwa.

8. Andika maandishi kwa mkono.

Vyumba na maelezo marefu unaweza kuyapitisha kwenye programu ya kusoma maandishi, kisha ukayasahihisha. Namba usiziachie. Programu hizo huchanganya 3 na 8, 1 na 7, 5 na 6. Alama ya kipenyo huisoma kama sifuri, na alama ya kuongeza na kupunguza huisoma kama kuongeza tu. Kwenye AutoCAD kipenyo huandikwa %%c, digrii %%d, kuongeza na kupunguza %%p.

9. Weka vipimo, na usividanganye.

Tumia amri za vipimo ili kila kipimo kisome urefu wa mstari wake. Kipimo kikionyesha 3587 na mchoro unasema 3600, rekebisha mstari. Kubadili maandishi ya kipimo yasomeke 3600 huku mstari umebaki 3587 ni kosa baya kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu halionekani. Mashine ya kukata haisomi maandishi.

Kuna tofauti moja halali. Kwenye michoro mingi ya kiufundi, namba iliyopigiwa mstari chini inamaanisha kwamba mchoraji mwenyewe alijua sehemu hiyo haiko kwenye skeli. Ichore kwa namba, usishangae ikitofautiana na picha.

10. Hakiki.

Fanya mistari yako yote iwe nyekundu kwa muda, washa picha, zunguka mchoro wote kona kwa kona. Nyekundu ikiachana na nyeusi, tafuta sababu: ni karatasi, ni namba, au ni wewe. Kisha chapisha kwa skeli na ukubwa wa karatasi ya asili, weka juu ya mchoro wa zamani dhidi ya dirisha lenye mwanga. Macho huona kwenye karatasi makosa ambayo skrini huyaficha. Mwisho, rudia minyororo ya vipimo, safari hii ukitumia vipimo vya faili lako.

11. Safisha na uhifadhi.

OVERKILL huondoa mistari iliyolala juu ya mingine, PURGE huondoa leya na bloku zisizotumika, AUDIT hurekebisha hitilafu za faili. Ondoa picha ya chini kwenye nakala utakayoituma, ila wewe baki na nakala yenye picha.

Hifadhi DWG ya toleo la nyuma kidogo, na DXF pembeni. Kwa mashine za kukata, DXF ya R12 husomwa karibu kila mahali, lakini haijui duaradufu wala mikunjo huru, hivyo kagua maumbo hayo baada ya kuhifadhi.

Muhuri na saini ya mhandisi vilivyoko kwenye karatasi usivihamishe. Viliidhinisha karatasi ile, havikuidhinisha faili lako. Andika kwenye kisanduku cha maelezo kwamba huu ni mchoro uliochorwa upya, kutoka karatasi namba fulani ya tarehe fulani.

Mambo yakikwama

*PDFIMPORT imeleta picha tu.* PDF yako ni rasta. Rudi hatua ya 3.

*Faili linafunguka tupu.* Andika ZOOM kisha E. Mchoro ukijitokeza kama nukta ndogo kwenye kona, kuna kipande kimepotelea mbali sana, kitafute ukifute. Usipojitokeza kabisa, angalia kama leya zimezimwa.

*Kila kitu ni kikubwa au kidogo mara 25.4.* Inchi na milimita zimegongana. Rekebisha UNITS kwanza, ndipo utumie SCALE kwa 25.4 au kwa 0.03937.

*Eneo linakataa kujazwa vistari.* Mzingo haujafungwa. Kuza kila kona. FILLET yenye nusu kipenyo 0 hufunga mistari miwili iliyokosana kidogo. Nafasi zikiwa nyingi, PEDIT ina chaguo la kuunganisha kwa umbali unaoruhusu wewe. Anza na umbali mdogo, la sivyo itaunganisha visivyohusiana.

*Duara limekuwa vipande vingi vifupi.* Chora duara jipya kwa kubofya pointi tatu juu ya la zamani, soma kipenyo, lirekebishe lifuate namba iliyoandikwa, futa vipande.

*Herufi zinaonekana kama alama za kuuliza.* Fonti ya SHX iliyotumika haipo kwenye kompyuta hiyo. Badili mtindo wa maandishi utumie fonti ya kawaida ya TrueType.

*Niliyemtumia anaona fremu tupu yenye jina la faili ndani yake.* Picha haikai ndani ya DWG, imeunganishwa tu kwa anwani. Itume pamoja na faili kwenye folda moja, au iondoe.

*Mashine inakata kila mstari mara mbili.* Ama una mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, na OVERKILL itamaliza hilo, ama mistari ilitoka kwenye programu iliyofuata ukingo. Kuza sana uone. Ukikuta miwili iliyoachana kwa unene wa kalamu, futa yote miwili uchore mmoja kwa namba, maana ukifuta mmoja, unaobaki uko nje ya katikati kwa nusu ya unene huo.